Mkono Unaoingia Kwenye Kiroba

Kioo cha kabati la mama kilivunjika nilipokuwa likizo nyumbani, Temeke. Nilifagia vigae, nikavitia kwenye kiroba cha taka pamoja na maganda ya ndizi na majivu, nikafunga. Kesho yake kijana wa taka akaja na guta lake, akakikumbatia kiroba ili akipandishe. Kigae kilikuwa kimeshatoboa. Kilimchana kiganja, damu ikadondoka mlangoni petu. Mama akamfunga kipande cha kanga, tukampeleka zahanati, akashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Njiani akaniambia, "Si neno, dada, tumezoea."

Maneno yale sikuyasahau. Naishi Hamburg, mwaka wa tisa sasa, na kule nisingethubutu kufanya nilichofanya kwa mama.

Ujerumani chupa tupu hazitupwi ovyo. Mitaani kuna makontena ya chupa: nyeupe, za kahawia, za kijani, ya buluu nayo huingia kwenye kijani. Rangi hazichanganywi kwa sababu chupa za rangi zikiingia kwenye tanuri la kioo cheupe, chupa mpya hazitoki nyeupe. Jumapili huruhusiwi hata kutupia chupa humo, kelele zake zinasumbua majirani. Mwanzoni niliona ni usumbufu mtupu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bilauri iliyovunjika haitakiwi kwenye makontena yale, wala kioo cha kujitazamia, wala bakuli la kuokea. Sisi vyote hivyo twaita kioo, na kwa macho ni kitu kimoja. Tanuri lakini linavitofautisha. Bakuli la kuokea limetengenezwa livumilie moto, kwa hiyo chupa zinapoyeyuka lenyewe linabaki donge, na donge hilo huharibu chupa mpya. Kioo cha kujitazamia kimepakwa madini na rangi mgongoni. (Vile vikongwe vya Ulaya vilipakwa zebaki na bati, kabla ya mkemia Justus von Liebig kugundua mwaka 1835 njia ya kupaka fedha. Ukikikuta kimoja cha aina hiyo, usikikwangue.) Kioo kikubwa hupelekwa kituo cha taka cha mji. Vipande vidogo hufungwa kwa magazeti, vikatiwa kwenye boksi, ndipo vikaingia pipa la kawaida.

Sasa fikirini jambo hili, ndugu zangu. Pale Hamburg pipa lina magurudumu, na gari lenyewe ndilo linalolinyanyua na kulimwaga. Mfanyakazi amevaa glovu nene na buti. Hata hivyo jirani yangu, bibi wa miaka themanini, hufunga kigae cha bilauri kwa gazeti mara tatu. Kwetu taka hupita mikononi mwa watu kuanzia mlangoni mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako kuna kina mama na vijana wanaochambua kwa vidole, wengi wao na kandambili miguuni. Sisi ndio tulipaswa kufunga mara sita. Nilikuwa nikidhani kufunga vigae ni anasa ya nchi tajiri, kumbe nilikuwa nimegeuza mambo juu chini.

Sisemi Wajerumani wametuzidi kila kitu. Wao walianza kutoza amana, yaani pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa tupu, kwa makopo na chupa za kutumia mara moja mwaka 2003, na sasa ni senti 25 kila moja. Mimi nimekua nikijua kwamba huendi dukani kununua soda bila chupa tupu mkononi, na kreti za chupa zilirudi kiwandani kuoshwa. Chupa nzima tuliipa thamani. Ikivunjika tu, basi: jalalani, shimo la uani, au chooni. Chooni ndiko kubaya zaidi, maana siku choo kikijaa yupo mtu atakayekitapisha. Na shimo la uani mvua hulifukua, watoto wakacheza pekupeku juu yake. Kigae hakiozi, na ukichoma taka hakiungui.

Nilichomfundisha mama ni kidogo sana. Vaa viatu kwanza, watoto watoke. Kioo kikubwa kilichopasuka kibandike solotepu huku na huku kabla hujakigusa, kisiachane. Vipande vikubwa viokote kwa kitambaa kinene, vinavyobaki fagia, kisha pangusa sakafu kwa gazeti lililolowa, nalo ulitupe pamoja na vigae. Usiku laza tochi sakafuni, chembe zitameremeta. Vyote viingie kwenye kopo tupu la rangi lenye mfuniko.

Ningependa kila serikali ya mtaa iweke pipa moja la vigae na kuwapa vijana wa taka glovu za ngozi. Ada ya taka tunalipa kila mwezi, na glovu si gharama ya kuishinda mitaa yetu. Nimeliandikia hilo kundi letu la WhatsApp la mtaani, na nitaendelea kuliandika.

Kopo la mama liko nyuma ya mlango wa jiko, limeandikwa VIGAE kwa rangi nyekundu. Likijaa, kijana yule hulibeba kando na taka nyingine, mbele ya guta, na jioni hulirudisha tupu.