Nanunua Trekta, Silimi Kitu

Jamani, mtu akikusifia kwamba Marekani ardhi ya nje ya mji ni ya kumwaga, muulize kwanza nani atakata majani yake. Akishajibu, muulize na theluji itaondolewa na nani. Mimi niliambiwa "ekari tano" nikasikia utajiri. Kwetu Uchagga ekari tano ni kesi: ndugu watatu, wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kijiji, na kuna mtu hatasalimiana na mwenzake mpaka kifo. Huku, nje kidogo ya Syracuse, jimbo la New York, ekari tano zilikuja na nyumba, banda la mbao lililoinama, na njia ndefu ya changarawe kutoka barabarani hadi mlangoni. Dalali alituonyesha hiyo njia mwezi Juni. Ndege wanaimba, maua yanachanua. Hakuna dalali wa huku mwenye akili timamu anayekuonyesha nyumba Januari.

Theluji naifahamu tangu utoto, maana nimezaliwa chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Lakini ya kwetu ina adabu. Inakaa kwake juu mlimani, watalii wanalipa hela kuifuata, sisi tunaitazama kwa mbali tukinywa chai. Ya huku haisubiri kufuatwa. Inakuja yenyewe mpaka kizingitini, tena haipigi hodi.

Mwenye makosa ni Ziwa Ontario. Upepo wa baridi kutoka Kanada unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, unajibebea unyevu wa bure, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kwetu. Syracuse kwa wastani inapata zaidi ya mita 3 za theluji kwa msimu. Msimu wa 1992 hadi 1993 ilikaribia mita 5. Kwetu mita tano tunaiita ghorofa na tunaipangisha.

Halmashauri inasafisha barabara, hilo nawapongeza. Gari lao linapita na sepeto kubwa mbele, linasukuma theluji pembeni. Sasa pembeni ni wapi? Ni mdomoni mwa njia yangu! Umeshatoa jasho na beleshi, mgongo umegoma kunyooka, umeingia ndani kuvua glavu, unasikia gruuuu huko nje. Wamekuletea nyingine. Tena hii si ile laini ya kwenye kadi za Krismasi, ni mabonge yaliyoshindiliwa pamoja na chumvi ya barabarani.

Ndipo mke wangu akasema, "Baba Neema, si tununue tu trekta?"

Trekta! Nikampigia mama kule Machame kumpa habari njema.

"Trekta? Mungu ni mwema! Unalima mahindi?"

"Hapana mama, silimi."

"Maharage?"

"Silimi kitu, mama. Ni la kukatia majani, na kusukumia theluji."

Theluji akairuka, lakini majani aliyaelewa, akafurahi kuliko mwanzo. "Una ng'ombe wangapi, mwanangu?"

"Sina ng'ombe."

"Mbuzi?"

"Sina, mama."

"Sasa hayo majani unampa nani?"

"Simpi mtu. Nikishayakata yanabaki pale pale chini, yanaoza."

Akaniambia salio limeisha. Na mimi ndiye niliyepiga.

Simlaumu. Mama yangu ameteremka tambarare miaka mingi kutafuta majani na kuyapandisha mlimani kichwani, kwa sababu ng'ombe wetu wanalishwa bandani na kihamba chote, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa. Majani kwetu yananunuliwa, yanaibiwa, yanapiganiwa. Huku yanaota bure kuanzia mwisho wa Aprili, na ukiyaacha yafike magotini jirani anakuja kukuuliza, kwa upole mkubwa, kama kuna mgonjwa nyumbani. Halafu kuna kupe. Kupe wa huku wanabebwa na kulungu na panya, wanasubiri kwenye majani marefu, na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Kwa hiyo unakata. Ukifika mwisho wa ekari ya tano, ile ya kwanza inakucheka.

Basi tukaenda dukani. Kumbe matrekta huku ni kabila. Kuna watu wa kijani na kuna watu wa rangi ya machungwa, na hawaoleani. Wa kijani ni John Deere, wanaanzia hadithi yao kwa mhunzi aliyetengeneza plau ya chuma cha pua mwaka 1837 huko Illinois. Wa machungwa ni Kubota, Wajapani waliosubu chuma Osaka tangu 1890. Pembeni kuna wekundu wa Mahindra kutoka India, na Massey Ferguson ambaye nilitaka kumkumbatia, maana huyo tumekua naye, amebeba matofali na harusi zetu zote. Nimekwenda duka la kijani nimevaa koti la rangi ya machungwa. Muuzaji alinihudumia vizuri, lakini chai hakunipa.

"Unataka farasi wangapi?" akauliza, yaani nguvu ya injini.

Nikasema wa kutosha. Akanionyesha moja la farasi 24 na kitu. La pili, 24 na kitu. Nikahamia duka la machungwa: 23 na kitu, 24 na kitu. Mbona hakuna anayefika ishirini na tano, wamekatazwa na daktari? Kumbe wamekatazwa na serikali. Injini ya dizeli ikivuka kama farasi 25 inaangukia kwenye sheria kali zaidi za moshi, na wengi wanaifuata kwa kufunga kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio kikijaa, injini inapandisha joto ili kuyachoma hayo masizi, na wewe unakaa unasubiri. Basi watengenezaji wakaona heri wasimame mlangoni pa sheria bila kuingia. Trekta zima la maelfu ya dola limenyimwa nusu farasi ili lisiulizwe maswali. Hapo niliwaheshimu, nikajua hawa nao ni wafanyabiashara kama Wachagga.

Bei sasa. Kwetu ukipeleka mahari mnakubaliana mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, unavuta pumzi, ndipo linatajwa blanketi la bibi, halafu kitu cha shangazi, halafu kuna mjomba mmoja kakaa kimya kwenye kona na yeye ana lake. Trekta ndivyo linavyouzwa. Ile bei ya kwenye tangazo ni ya trekta uchi. Ndoo ya mbele ni hela yake. Sahani ya kukatia majani, ile inayokaa chini ya tumbo, inchi 54 au 60, hela yake. Mashine ya kurusha theluji, hela yake, na inabidi uamue inakaa wapi.

Hili la inakaa wapi limeniumiza kichwa kuliko jina la mtoto. Ya nyuma ni nafuu. Inafungwa kwenye ile mikono mitatu ya nyuma ya trekta, kazi ya Harry Ferguson wa Ireland Kaskazini, yule yule wa jina kwenye Massey yetu, na inazungushwa na PTO, ile shafti inayotoa nguvu ya injini nje, mizunguko 540 kwa dakika. Sawa. Lakini unafanya kazi kinyumenyume! Umekaa umeangalia mbele kama mtu mzima, trekta linakwenda nyuma, shingo imegeuka tangu barabarani hadi mlangoni, theluji inarushwa juu, upepo unairudisha usoni. Muuzaji akasema watu wanazoea. Nikamwangalia shingo yake. Haikuwa imenyooka.

Ya mbele inakuweka kama binadamu, unaona unakokwenda. Bei inapanda sana, na kwa matrekta madogo haya inazungushwa na shafti ya chini ya tumbo, kwa hiyo sahani ya majani lazima itoke kwanza, na mara nyingi ndoo nayo ikae pembeni. Maana yake kila Novemba navua, kila Aprili navalisha. Muuzaji akasema kazi hiyo ni ya dakika chache. Dakika za muuzaji nazifahamu, ni ndugu wa zile za fundi cherehani wa Krismasi.

Kuna ya tatu, sepeto tupu. Bei yake ni ya kibinadamu, na haraka yake hakuna mfano. Lakini sepeto halirushi kitu, linasukuma tu. Desemba unasukuma kulia, Januari unasukuma kushoto, Februari kulia kumejaa, kushoto kumejaa, njia imebaki upana wa baiskeli. Kwa mtu wa Virginia, kule kusini kwenye theluji kidogo, linafaa. Kwa jirani wa Ziwa Ontario ni kujidanganya, na hapo simsikilizi mtu.

Nikadhani tumemaliza. Akauliza tairi.

Tairi zina aina tatu. Zenye meno makubwa za shambani, zinashika kila kitu na kung'oa bustani yote. Za bustani, pana na laini, hazidhuru majani, na kwenye theluji zinajitahidi kuliko zinavyoonekana. Za katikati ni za kazi za ujenzi, ngumu hazitoboki, ila zikikutana na barafu bila minyororo zinateleza zikicheka. Muuzaji alikuwa anasukuma hizi za katikati kwa bidii ya kutiliwa shaka. Nikasema za bustani, na minyororo juu. Halafu akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, ndani ya tairi za nyuma nataka maji ya viazi sukari?

Nikamwambia nimekula.

Hapana, anamaanisha ndani ya tairi. Ndoo ya mbele ikibeba mzigo, nyuma panakuwa pepesi, trekta linataka kusujudu. Kwa hiyo tairi za nyuma zinajazwa uzito. Maji ya kawaida yataganda, chumvi inakula ringi, ndipo wenyewe wakagundua kwamba maji mazito yanayobaki kiwandani baada ya kutengeneza sukari ni mazito vya kutosha, hayagandi ovyo na hayaleti kutu. Nimekaa Marekani nikifikiri nimeona kila kitu. Trekta langu litakuwa limeshiba kuniliko, maana mimi nimekatazwa sukari.

Na dizeli nayo ina maringo yake. Baridi ikizidi, nta iliyomo inaganda, chujio linaziba, unaangalia theluji na theluji inakuangalia. Kwa hiyo unanunua dizeli ya baridi au unatia dawa, na usiku injini inachomekwa kwenye umeme ipate joto. Mimi nalala na soksi mbili kwa sababu ya bili. Trekta linalala na hita.

Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, haya yote hayamhusu. Ana Ford 8N. Hayo yalitengenezwa kati ya 1947 na 1952, Tanganyika bado iko chini ya Waingereza. Halina ndoo, halina kibanda cha dereva, kiti ni sahani ya chuma, nyuma lina bledi moja iliyopinda. Asubuhi ya theluji nasikia linakohoa mara mbili, la tatu linawaka. Alipita kuniangalia nikisoma vipeperushi mezani, akanywa kahawa yangu, akauliza kwa nini natafuta kitu ambacho kikiharibika kinahitaji kompyuta. Nikamuuliza lake anauza? Akacheka mpaka akavaa kofia.

Mwisho wa yote nikachagua: farasi 24 na kitu, sahani ya inchi 60, ndoo, mashine ya theluji ya mbele. Rangi siitaji, nina marafiki pande zote mbili. Jumla ikavuka dola 20,000 mbali sana. Nikaambiwa nisiogope, kuna mkopo wa miezi 84, riba sifuri. Sifuri! Nikauliza, kwa udadisi tu, nikilipa taslimu je? Bei ikashuka kwa maelfu. Kumbe hata sifuri ina bei yake, ila haitajwi mpaka uulize.

Limeletwa Januari. Limeng'aa, linanukia rangi mpya, limeshushwa kwenye trela kwa heshima zote. Chini ya tumbo lina sahani ya kukatia majani. Mbele lina ndoo. Mashine ya theluji haipo. Nikampigia muuzaji. Akasema imeagizwa, watu wengi wameitaka mwaka huu, itafika.

"Lini?"

"Aprili mwanzoni."

Kwa hiyo ikifika theluji itakuwa inaaga. Kwa sasa nachota kwa ndoo, kidogo kidogo, na sahani ya majani imening'inia chini inakwangua theluji bila msaada wowote. Kuivua nimejaribu, ile kazi ya dakika chache ina pini moja iliyoapa haitoki mpaka jua liwake. Jirani anapita barabarani na 8N yake, ananipungia mkono taratibu, mtu asiye na haraka.

Nikatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, angalau huko nisifiwe. Nimekaa juu ya trekta, koti mpaka puani. Baba mdogo ndiye aliyejibu kwanza, kwa ujumbe wa sauti, ng'ombe wanasikika nyuma yake: "Hongera sana kijana. Sasa akili ni hii: ukishamaliza kusukuma hayo maji, ambayo hata ukiyaacha yatayeyuka yenyewe, ulizia kontena la kuja bandari ya Tanga ni shilingi ngapi. Sisi huku tuna kazi ya kulipa."

Mama akadakia kwa mbali, nadhani hakujua simu inarekodi: "Mwambie na yale majani asiyatupe. Ayapakie humo humo."