Mhandisi wa nishati na somo la ardhi

Je, shahada za uzamili za nishati zifundishe uhandisi peke yake, au ziuchanganye na uchumi, sheria na elimu ya jamii? Tuanzie mashambani. Kinangop, kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, upepo ulipimwa ukaonekana unatosha, mkataba wa kuuza umeme ukasainiwa na fedha zikapatikana. Mwaka 2016 mradi huo wa umeme wa upepo wa megawati 60 ukafutwa bila kuzalisha hata uniti moja. Wakulima waliukataa. Walitaka kujua mashamba yao yatakuwaje, fidia ni kiasi gani, na kama kuna madhara kuishi karibu na mitambo ile. Majibu yalipokuja, hasira zilikwishapanda. Katika maandamano ya 2015 mtu aliuawa.

Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilisimama mwaka 2017 ikingoja nyaya. Njia ya umeme ya kilomita 428 hadi kituo cha Suswa ilichelewa, kwa ugumu wa kupata ardhi ya kupitishia nguzo na kwa kuwa mkandarasi wa Kihispania alifilisika. Umeme ukaingia kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, Septemba 2018. Oktoba 2021 mahakama huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Wanaotaka shahada za uzamili za nishati zichanganye uhandisi, uchumi, sheria na elimu ya jamii huanzia hapa, na wana haki. Vyuo navyo vimeanza. Taasisi ya Umoja wa Afrika ya maji na nishati iliyoko Tlemcen, Algeria, ina mkondo wa uhandisi na mkondo wa sera chini ya paa moja. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Rwanda zilipata vituo vya umahiri vinavyogusa nishati kupitia mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 2016.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni mdogo kuliko yote hayo: jiko la mkaa la kauri la Kenya. Wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, miaka ya 1980 likabadilishwa Nairobi. Likapewa kiuno, juu na chini pana, katikati pembamba, na udongo wa kuchomwa ukabaki nusu ya juu tu. Jiko likawa jepesi, tena haliyumbi mtu anaposonga ugali. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikata bati, wafinyanzi wakachoma udongo. Ujuzi wa joto, wa udongo, wa soko na wa jikoni ulikutana katika kitu kimoja, na hakuna idara ya chuo inayoumiliki wote.

Lakini wanaopinga nao wasidharauliwe. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini, ilisema chanzo ni kupotea ghafla kwa umeme wa Turkana. Kampuni ya mradi ikajibu kwamba mitambo yake ilijitoa kwenye gridi kwa sababu volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi. Kuamua nani mkweli kunahitaji mtu anayesoma kumbukumbu za vifaa vinavyoilinda gridi milisekunde kwa milisekunde. Utangulizi wa sera za nishati hautamsaidia hapo. Kadiri upepo na jua vinavyoongezeka kwenye gridi zetu, mtu wa aina hiyo anahitajika zaidi. Wapinzani wanauliza: miaka miwili ikigawanywa kwa taaluma nne, atapatikana wapi? Mshika mbili moja humponyoka. Tena bodi zetu za usajili wa wahandisi hutazama kwanza shahada ya awali, kwa hiyo uzamili wa mchanganyiko haumfanyi mwanasosholojia kuwa mhandisi, na kumwachia aamini hivyo ni kumdhulumu.

Ukweli ni kwamba programu nyingi za aina hii huchanganya mahali pasipofaa. Hurundika kozi za utangulizi: kidogo cha sola, kidogo cha uchumi, kidogo cha tabianchi. Mwanafunzi anatoka anajua majina ya mambo. Mafunzo ya jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, ya Iceland, ambayo yameandaa wataalamu wengi wa mitambo ya Olkaria nchini Kenya, yana utaratibu bora zaidi: wiki za mwanzo wote husikiliza mihadhara ya pamoja, kisha kila mmoja huzama katika fani yake, iwe jiolojia, kemia, uchimbaji au mazingira. Mchimbaji anabaki mchimbaji, ila anajua mwanakemia anamwambia nini.

Mimi ningeenda hatua moja mbele na kuupeleka mchanganyiko kwenye tasnifu. Mhandisi anayesanifu gridi ndogo ya sola kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, awe na msimamizi wa pili kutoka uchumi au sheria, na jopo limhoji kuhusu ukubwa wa betri na bei ya uniti kwa uzito uleule. Anayetoka sosholojia apitishwe kwanza kwenye hesabu za umeme, bila kuonewa huruma. Kikwazo ni cha kiutawala: mzigo wa kufundisha na upandishwaji vyeo huhesabiwa ndani ya idara. Mhadhiri wa sheria akisoma kurasa mia za tasnifu ya uhandisi, kazi hiyo ihesabiwe kwake kama ya mwanafunzi wa idara yake mwenyewe, na bajeti ya programu iitaje tangu siku ya kwanza.