Bakteria hawajui kama mradi umeisha

Wiki iliyopita nilipita kwenye maabara niliyokuwa nafanya kazi zamani, hapa hapa Kampala, nilikuwa nimefuata barua tu, nikakuta ile riakta yetu, tangi la kusafishia maji machafu, imetupwa kwenye korido karibu na choo. Bomba la juu limevunjika, ndani wameweka fagio na chupa tupu za soda. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka, maana hiyo kitu iliwahi kuwa hai.

Kila mara vijana wananiuliza kama wasome uhandisi wa kemikali au bayoteknolojia ya mazingira halafu wabaki chuoni wafanye utafiti. Nilikuwa nawajibu someni, kazi ipo. Na kweli ipo, nenda kasimame kwenye mfereji wa Nakivubo mvua ikishanyesha uone vile uchafu wa mji unashuka kwenda ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria, na ghuba hiyo hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inavuta maji tunayokunywa. Kazi ya kufanya imejaa. Ajira ndiyo haipo, na mimi nimechoka kuwadanganya watoto wa watu.

Sisi tulikuwa tunasafisha maji ya machinjioni, yaani damu, mafuta, mavi ya ng'ombe. Ndani ya riakta hakuna hewa, kuna tope lenye bakteria na vijidudu wengine wa aina nyingi, wengine wanageuza uchafu kuwa asidi na wengine wanachukua hiyo asidi mpaka inakuwa methani, gesi inayowaka. Shida ni kwamba wa asidi wanazaana mbio na wa methani wanajivuta, siku nyingi kabla hawajaongezeka mara mbili. Ukiwalisha kwa pupa asidi inajaa, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, inaanguka, wa methani wanagoma. Sisi ilituangukia sikukuu ya Idi, machinjioni walikuwa wamechinja wengi na mtu akajaza tangi bila kupima, kufika jioni pH imesoma 5.8 na harufu kama maziwa yaliyoharibika. Binti mmoja aliyekuwa anafanya digrii ya pili kwetu alipanda boda usiku kutoka Mukono, kabeba magadi ya kupunguza asidi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akakaa pale mpaka alfajiri anaongeza kijiko, anapima, anaongeza kijiko, anapima. Ilichukua miezi mitano tangu tuanze mpaka gesi ikawaka moto wa bluu bila kuzima. Huyo binti alilia, na mimi nililia.

Mradi ulikuwa wa miaka miwili. Nusu mwaka ilikwenda tukingoja vifaa vitoke forodhani, miezi ikaliwa na umeme unaokatika, halafu riakta ilipoanza kutupa majibu ya maana pesa za wafadhili zikaisha. Mkataba wa yule binti uliisha Ijumaa. Jumatatu hakuna mtu wa kuilisha.

Najua kuna atakayenisahihisha kwamba tope la namna hii linaweza kukaa miezi bila chakula na likaamka tena. Ndiyo, ni kweli, lakini likifungwa vizuri hewa isiingie, na wa kulifunga ni nani kama kila anayelijua ameshapewa barua ya kwaheri? Lilikauka. Miaka miwili ya watu wanne ikakauka nayo, na mradi utakaokuja utaanza sifuri, na wao watafika mwezi wa tano, na wao wataondoka.

Hii fani haiendi hivyo popote ilipofanikiwa. Mtafiti Gatze Lettinga kule Wageningen, Uholanzi, alianza na riakta ya aina hii miaka ya 1970, kiwanda cha sukari kikamfungulia mlango ajenge kubwa, naye hakuiwekea hataza ili kila nchi itumie, leo ziko India, Brazil, Kolombia. Alikuwa na akili, sawa. Lakini pia alikuwa na kazi yake na maabara yake mwaka baada ya mwaka, na tope lake lilikuwa na mwenyewe.

Mishahara, nakubali serikali imejaribu, mwaka 2022 walimu wa sayansi wa sekondari wenye digrii walipandishwa mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wanastahili. Ila ndiyo maana yule binti sasa anafundisha kemia kidato cha nne. Kati ya hiyo na mkataba wa miezi sita sita bila bima wala pensheni, ningemshauri nini mimi?

Ninachoomba ni kidogo sana. Kila idara yenye riakta iajiri fundi wa maabara mmoja wa kudumu, asiyetegemea mfadhili, kazi yake iwe kuweka hilo tope hai miradi ikija na ikienda. Mtu mmoja tu, jamani.

Nilimpigia simu yule binti nikamweleza nilichokiona kwenye korido. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Mwalimu, mimi nilichota jerikeni moja ya lile tope kabla sijaondoka." Iko kwa mama yake, nyuma ya nyumba, kivulini. Kila Jumamosi anaenda kulegeza kifuniko kidogo gesi itoke, na anasema bado inatoka.