Eti nibobee kwanza ndipo niandike

Kuna msomi mmoja, mtu ninayemheshimu, ameniambia kwamba watu wa aina yangu ndio tunaoharibu elimu. Kisa? Tunaandika makala za kufundisha mambo tusiyoyasomea. "Bobea kwanza, ndipo uandike." Nikamuuliza nitajuaje kwamba nimeshabobea. Akasema nitajua tu. Ahsante sana, mwalimu.

Mimi naona kuandika makala ndiko kusoma kwenyewe.

Chukua maji kujaa na kupwa. Nani asiyejua kwamba ni kazi ya mwezi? Mwezi unavuta, maji yanajaa, basi. Ukiwa msomaji unapita hapo huku ukitikisa kichwa kukubali. Sasa kaa uandike: "Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kwa sababu..." Kwa sababu gani? Mwezi uko upande mmoja tu. Yale ya upande wa pili wa dunia yanainuliwa na nani?

Hapo ndipo nilipolazimika kurudi vitabuni, na safari hii nilisoma kama mtu anayedaiwa. Kumbe mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Maji yanayouelekea mwezi huvutwa kuliko dunia yenyewe, na dunia nayo huvutwa kuliko maji ya mgongoni mwake, kwa hiyo hayo ya mgongoni huachwa nyuma. Kinachoinua bahari ni tofauti ya mvuto baina ya upande na upande. Nilipoliandika hilo kwa maneno yangu, mengine yakafuata yenyewe. Jua huivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi, lakini liko mbali mno, tofauti hiyo inakuwa ndogo, na nguvu yake ya kuinua maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Bamvua nayo, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, ikaeleweka: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu mstari mmoja na nguvu hujumlishana. Yote hayo nilishawahi kuyasoma, tena zaidi ya mara moja. Yaliingia sikio hili, yakatokea lile.

Rasimu zangu husomwa na mpwa wangu wa sekondari, mtoto asiye na huruma. Hasifu wala hakosoi, huandika pembeni neno moja tu, "Kivipi?", na kulipigia mstari. Hakuna profesa aliyewahi kunisumbua kiasi hicho.

Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti ambao watu walijipima wanavyoelewa vitu kama zipu na choo cha kuvuta maji, wakatakiwa kuandika namna vinavyofanya kazi, kisha wakajipima tena. Alama zikaporomoka. Zipu, jamani! Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, naye aliandika katika barua zake, karne ya 1, kwamba watu hujifunza wanapofundisha. Sijui naye aliambiwa abobee kwanza.

Haya, nakubali kwa shingo upande: dozi za dawa na nyaya za umeme si mahali pa kujifunzia hadharani. Na makala ipitiwe na anayejua kabla haijatoka. Yameisha.

Wale wanaoiagiza akili mnemba iwaandikie kisha wanadai wamejifunza, wamejifunza kunakili na kubandika.

Sasa nimeanza makala ya majira ya mwaka. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati kaskazini wanatetemeka kwa baridi, kwa hiyo umbali si jibu. Ni mwinamo wa mhimili, nyuzi 23.4, wanasema wote, na wanaishia hapo. Mimi nataka kueleza kwa nini miale ikija kimshazari hupasha joto kidogo, bila kuomba msomaji aniamini tu. Aya hiyo bado hainiridhishi, na makala haitoki mpaka iniridhishe.