Mlingoti unakunywa maji ya nani?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki walichagua vijito viwili kwenye safu ya milima ya Mbeya, Tanzania. Kimoja kilitoka katika msitu wa asili, ule usiopukutisha majani. Cha pili kilitoka kwenye mteremko mkali ambao wakulima wadogo walikuwa wamekwisha kuufyeka na kuulima. Kwa takriban miaka kumi wakapima mvua inayoingia na maji yanayotoka. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1979, yanakwenda kinyume na tuliyoimbishwa shuleni: kijito cha mashambani kilitoa maji mengi kuliko cha msituni, na wakati wa kiangazi kilitoa karibu mara mbili.

Nakumbusha jambo hili la zamani kwa sababu ubishi wa milingoti, yaani mikaratusi, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Rungwe, unaendeshwa kana kwamba hakuna aliyewahi kupima chochote. Upande mmoja unasema mlingoti unakausha maji, ung'olewe wote. Upande wa pili unajibu kwamba miti ndiyo inayoleta mvua, na mkaushaji atafutwe kwingine: mifugo, moto, tabianchi.

Wanaoulaumu mlingoti wana ushahidi mzito. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha uchambuzi uliokusanya vipimo zaidi ya 500 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Pale miti ya kupandwa ilipochukua nafasi ya nyasi, vichaka au mashamba, maji ya vijito yalipungua kwa wastani wa nusu hivi, na asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mzima. Sababu yake haina uchawi. Nyasi zikifika Agosti zinakauka, zinaacha kunywa. Mlingoti haupumziki, mizizi yake inashuka chini sana na majani yanabaki ya kijani wakati kila kitu kimekuwa kahawia. Tena sehemu ya mvua huishia juu ya majani na kurudi angani kabla haijagusa udongo. Na tusisahau kwamba sehemu kubwa ya nyanda za Mufindi na Makete ilikuwa nyasi, si msitu. Tulizoea kuiita ardhi tupu, kwa hiyo tukaipanda miti tukidhani tunarudisha kilichopotea.

Afrika Kusini walilichukulia jambo hili kwa uzito hadi sheria yao ya maji ya 1998 ikayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa mtumiaji wa maji anayehitaji kibali, kama alivyo mwenye shamba la umwagiliaji.

Lakini ukichukua matokeo ya Mbeya ukayafanya ruhusa ya kufyeka, umeyasoma vibaya. Udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano; unameza mvua kama chujio hata ukilimwa. Peleka jembe lile lile kwenye mfinyanzi uliokanyagwa na ng'ombe, mvua itatiririka juu juu, itabeba udongo, na kiangazi kijito kitakuwa mchanga. Utafiti wa Burkina Faso uliotoka 2016 unaonyesha upande huo: miti michache iliyotawanyika iliongeza maji yanayozama ardhini kuliko pasipo na mti kabisa, kwa kuwa chini ya mti udongo hufunguka, mizizi na wadudu wakatoboa njia. Miti ilipozidi, faida ikaliwa na kiu yake.

Na tuseme ukweli kuhusu pesa. Mlingoti ni nguzo ya umeme, ni kuni za kukaushia chai, ni ada ya mtoto. Mtu mwenye eka mbili za mteremko usiozaa mahindi bila mbolea hana sababu ya kuona aibu kwa kuzipanda miti. Kuna waliopewa hata miche na mafunzo, kama katika mradi wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Finland. Leo unamwambiaje kwamba yeye ndiye mharibifu?

Kwa maoni yangu, swali la kama mti ni mzuri au mbaya limetupotezea muda. La kuuliza ni umesimama wapi, na aliye chini yake ni nani. Mlingoti wa kilimani hunywa mvua iliyoanguka pale. Mlingoti wa bondeni umetumbukiza mizizi kwenye maji ambayo tayari yalikuwa njiani kwenda kwa mtu mwingine: kwa mama mwenye vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, anayetegemea unyevu wa bonde apate mahindi mabichi na maharage wakati ghala limebaki sakafu. Mwenye miti mara nyingine hata haishi kijijini. Alinunua eneo, akapanda, akaondoka. Mbao zikivunwa faida inamfuata aliko. Kiu inabaki.

Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Naiunga mkono, ila ina kichekesho chake: ikisomwa neno kwa neno inamkamata mwenye mlingoti, kisha inamkamata na mama wa vinyungu. Nimewasikia viongozi wakianza na huyo wa pili, maana ndiye anayepatikana nyumbani.

Hata hivyo kuukata mlingoti si kuumaliza. Kisiki huchipua, na machipukizi yanakunywa kama mama yao, hivyo lazima king'olewe au kiuawe. Halafu kuna habari ya Mokobulaan, Afrika Kusini. Huko nyasi ziliondolewa 1969 ikapandwa milingoti, na mwaka wa tisa kijito kikakauka. Miti ilipofikisha miaka 16 ikakatwa yote. Ilichukua miaka mitano zaidi ndipo maji yakarudi sawasawa, kwa sababu udongo uliofyonzwa hadi chini ulitakiwa kujaa kwanza. Kijiji kitakachoamua kusafisha bonde lake mwaka huu kielezwe hesabu hiyo kabla shoka la kwanza halijainuliwa, maana mwaka wa pili, kijito kikiwa bado kikavu, kuna mtu atasimama mkutanoni na kusema: si mnaona, haikuwa milingoti.