Lile koti si la mkoloni

Juzi shemeji katuma kwenye kundi la familia video ya kikosi cha filimbi na ngoma cha Jeshi la Marekani, kile cha Old Guard, kikipiga kwenye tamasha la kijeshi ng'ambo. Makoti mekundu, kofia za pembe tatu, mawigi meupe. Chini kaandika: "Wamarekani wameazima nguo za mkoloni wao!" Yaani Mwingereza, maana askari wake ndio waliojulikana kwa makoti mekundu. Vicheko mpaka usiku. Hata mama, ambaye hachekagi ovyo, naye kacheka.

Mimi nikakosa usingizi. Kwa ajili ya koti, ndiyo.

Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1960, na kinavaa kama wapiga ngoma wa jeshi la George Washington, lile lililopigana na huyo Mwingereza. Enzi zile askari wa kawaida akivaa koti la buluu, mpigaji aligeuziwa rangi, akavishwa jekundu, ili kamanda amwone upesi moshi wa baruti ukitanda. Maana yule kijana ndiye aliyekuwa simu ya upepo ya jeshi zima! Amkeni, songeni, rudini nyuma, acheni kufyatua: amri zilipita kwenye ngozi na filimbi, kwa sababu koo la mtu halifui dafu mbele ya bunduki. Na sisi tuliolelewa na "mbiu ya mgambo ikilia ina jambo" ndio wa kucheka?

Lakini shemeji simlaumu sana. Mtangazaji wa tamasha katuambia nguo zinapendeza, basi, pikipiki zikaingia. Unavusha watu bahari na ngoma zinazosema, halafu humwambii mtazamaji zimesema nini! Wapige ya kurudi nyuma, kisha watuambie hiyo ndiyo ya kurudi nyuma. Dakika moja tu. Hata hilo neno "tattoo" wanaloyaitia matamasha haya ni la Kiholanzi, ngoma ya jioni ya kuwaamuru wenye vilabu wafunge mabomba ya bia, askari warudi kambini. Watu wanalipa kiingilio kushangilia amri ya kwenda kulala.

Haya, nakubali, zile filimbi ni kali. Dakika kumi tu na kichwa kinagonga. Na kiongozi wao kupiga saluti kwa mkono wa kushoto kunachekesha, mpaka ujue wa kulia umeshika mkuki.

Nimemwandikia shemeji yote haya asubuhi. Kajibu: "Sawa, mwalimu. Na mawigi?"

Mawigi sina la kuyatetea.