Kazi ya kujifanya mtu wa zamani, jamani

Jamani hii kazi ya kuigiza watu wa kale msiione hivi hivi. Mimi nalipwa kuvaa nguo za miaka ya 1700, nasimama kwenye karakana ya mhunzi nafua misumari ili watu wajionee ilivyokuwa, na swali la kwanza kutwa nzima ni eti huo moto ni wa kweli? Moshi umenijaa machoni nalia kama nimefiwa, jasho linanichuruzika, halafu mtu mzima na ndevu zake anauliza moto ni wa kweli. Wale wa kushika misumari ndo balaa zaidi, chuma kikishatoka kuwa chekundu kinarudi rangi yake nyeusi huku bado kinaunguza vibaya mno, nimesema kabisa msiguse, ile nageuka tu kuvuta mvukuto nasikia yowe.

Alafu eti husikii joto na hayo manguo? Nasikia bwana, mi si jini. Ila shati la kitani linanyonya jasho, na sufu cheche ikiidondokea inaungua kidogo inazimika yenyewe, ningevaa polista ingeyeyuka ikanigandia mwilini. Naeleza vizuriii, mtu anaitikia kwa kichwa, kisha anamgeukia mkewe anamwambia enzi hizo wanawake walikuwa wanakufa sana kwa magauni kushika moto jikoni, ndo sababu kubwa ukiacha uzazi. We nani kakwambia? Maradhi ndo yalikuwa yanawamaliza. Mwingine yeye ni viungo, eti walikuwa wanaweka ili kuficha nyama iliyooza, sasa viungo vinatoka mbali huko kwa meli, bei yake si mchezo, mwenye hela ya mdalasini anakosaje ya nyama nzuri? Mimi nimekaa na vitabu miaka, yeye kaambiwa na shemeji yake, na bado anayeshindwa ni mimi.

Bosi naye anataka tusitoke kwenye uhusika. Kule kwenye makumbusho ya Plimoth, Marekani, wanaoigiza walowezi wa Kiingereza wa 1627 hawatakiwi kujua lolote lililotokea baada ya hapo, ila wenzao wa jamii ya Wampanoag, wenyeji wa asili wa pale, wanaongea kama watu wa leo, hao nawaonea wivu kweli. Mimi mtu akiniuliza choo kiko wapi nijibu nini, kachimbe? Na lazima aulize muda ule ule chuma kimeiva, namaliza kumwelekeza kimeshapoa, nakirudisha motoni naanza upya.

Huyo Artur Hazelius aliyefungua makumbusho ya Skansen pale Stockholm, Sweden, mwaka 1891, akakusanya nyumba za zamani na kuweka watu wenye mavazi ya zamani humo ndani, nikimkuta ahera tutaongea. Kesho wanakuja watoto wa shule, mabasi mazima, na ile nyundo ndogo siioni.